Kisigino kinauma kila alfajiri, na mbio za msituni zimebaki wiki 9

Dada mshauri,

Assalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Makangale, Pemba, nina umri wa miaka 34. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kukimbia, mara nne kwa wiki, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya kwenda kazini. Nimejiandikisha mbio za kilomita 21 za mwisho wa mwezi wa saba. Zinaanzia Konde saa 12:30 asubuhi, zinakata Msitu wa Ngezi kwa njia za ndani, zinatokea pwani ya Vumawimbi kwenye kilomita ya 11, halafu ni kilomita 5 za mchanga kuelekea Ras Kigomasha na kumalizia kwa njia ya mashamba. Siku yenyewe itaangukia mwezi 15, mwezi ukiwa mpevu. Naijua ardhi hii tangu utotoni, na kukimbia chini ya mipapindi mpaka miti iishe na bahari ifunguke mbele yangu ni kitu nilichokitamani kwa muda mrefu.

Tatizo ni mguu wa kulia. Mwezi wa pili niliambiwa mchanga unajenga mguu, basi nikaacha barabara nikahamia pwani, peku, mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu nyuma ya kisigino pakaanza kuuma, kiasi cha vidole vitatu juu ya mfupa. Sasa ni miezi mitatu. Nikitoka kitandani hatua za mwanzo nachechemea. Nikianza kukimbia panauma, kilomita ya pili panapoa kabisa, jioni panarudi. Nikipapasa nasikia kama kifundo kidogo.

Nimekandwa kwa mafuta ya makonyo ya karafuu. Nimejinyoosha kila siku kwa kuning'iniza visigino kwenye ngazi. Kabla ya mbio ndefu humeza kidonge kimoja cha maumivu, diklofenaki. Wiki tatu zilizopita niliugua tumbo, nikanunua Cipro duka la dawa nikanywa siku tano, na tangu hapo naona asubuhi zimezidi kuwa nzito, ingawa sijui kama vinahusiana. Mwenzangu mmoja ananishauri nichomwe sindano pale panapouma, nitapona mara moja. Mwengine anasema nilale miezi miwili bila kukimbia. Nishike lipi?

Mwalimu, Makangale

* * *

Marahaba, mdogo wangu, wa alaykum salaam.

Usishike hata moja kati ya hayo mawili. Kukimbia kunawezekana, lakini uamuzi wenyewe hauwi leo. Utakuwa mwisho wa wiki ya 7 kuanzia sasa, kwa vipimo nitakavyokupa, na kazi yote iko katikati hapo.

Ulivyoeleza inafanana sana na kuchoka kwa kano ya kisigino, ile kamba nene inayofunga misuli ya shavu la mguu kwenye mfupa wa kisigino. Huku kwetu wengi wanaiita mshipa, na jina hilo linawapoteza watu, kwa sababu wakisikia mshipa hukimbilia kuukanda na kuunyoosha, na kano haiponi kwa hayo. Damu yake ni chache na hujijenga polepole. Inachokielewa ni mzigo: ibebeshe kwa kiasi, iachie muda, iongezee. Uliihamisha kutoka barabara ngumu hadi mchanga laini, peku, mara tatu kwa wiki, ndani ya mwezi mmoja. Kwenye mchanga laini kisigino kinazama chini kuliko vidole, kano inavutika zaidi na inafanya kazi muda mrefu zaidi kila hatua, na kukimbia kwenyewe kunakula nguvu kiasi cha mara 1.6 ya ardhi ngumu. Mchanga unajenga mguu kweli, ukiingiwa kidogo kidogo.

Anza kwa kuhakikisha. Kaa kitini, bana kano kati ya kidole gumba na cha shahada, panda nayo taratibu kutoka kwenye mfupa. Ikiuma zaidi sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, ni katikati ya kano, na maelekezo yote yaliyo hapa chini ni yako. Kisha shika kile kifundo, inua na shusha wayo. Kikipanda na kushuka pamoja na kano, uvimbe uko kwenye kano yenyewe. Kikibaki pale pale, kilichovimba ni ala inayoizunguka, na hapo punguza mbio kwa wiki 2 zaidi ya nitakavyokwambia. Kama maumivu makali yako kwenye mfupa wenyewe, pale raba inapogusa, mazoezi ya ngazini yafanye sakafuni tu, kisigino kisishuke chini ya usawa wa vidole, kwa sababu kushuka kunaikandamiza kano kwenye mfupa. Kule kujinyoosha kwako kwa kuning'inia pia kuache. Hakujengi kitu, na kwa kano inayouma asubuhi mara nyingi kunaichokoza.

Sasa hiyo Cipro. Umeitaja kwa kupita tu, lakini ndiyo iliyonishtua kuliko yote kwenye barua yako. Siprofloksasini na ndugu zake, kama levofloksasini, ni dawa zinazoweza kudhoofisha kano, na ya kisigino ndiyo inayoumia zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitaka ziwekewe onyo kubwa kwenye maelezo yake mwaka 2008. Madhara yanaweza kuanza ndani ya siku chache, na yanaweza pia kujitokeza miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Kwa hiyo, kabla ya kuanza mpango huu, nenda ukaonane na daktari, umwambie tarehe ulizokunywa na lini asubuhi zilipobadilika. Siku nyengine ukiumwa tumbo, mwambie mwenye duka kwamba una kano mbovu na unataka daktari akuchagulie dawa. Huku Cipro inauzwa kama peremende, na watu wenye kazi za miguu hawaambiwi.

Na ile sindano, kama ni ya kotisoni, dawa kali ya kupoza uvimbe, usikubali ichomwe kwenye kano. Inatuliza kwa wiki chache huku nyuzi zenyewe zikilegea, na kano hiyo ndiyo inayobeba zaidi ya mara 6 ya uzito wa mwili wako kila hatua ya mbio. Dawa za jamii ya kotisoni zikikutana na zile za jamii ya Cipro, hatari ya kano kukatika inapanda zaidi kuliko kwa kila moja peke yake. Mwenzako anakutakia mema, lakini kwa wewe na kwa mwezi huu, hilo ndilo jambo baya kuliko yote unayoweza kufanya.

Diklofenaki kabla ya mbio nayo iache. Inaficha ile taarifa unayoihitaji, na mwili ukiwa umepungukiwa maji inaziumiza figo. Mafuta ya makonyo hayadhuru ukiyachanganya: matone mawili kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, maana yakiwa matupu yanachoma ngozi. Anayekukanda akukande shavu la mguu. Kano yenyewe asiibane. Utasikia raha, na raha ni kitu kizuri, ila usiihesabu kuwa matibabu.

Kuna hali ambazo hazingoji mpango wowote, ni hospitali siku hiyo hiyo. Ukisikia mlio au kama umepigwa teke kisiginoni na hukuweza tena kusimama kwa vidole vya mguu huo, kano imekatika. Unaweza kuthibitisha kwa kulala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu akakamue shavu la mguu: wayo mzima husogea, uliokatika kano hutulia. Shavu la mguu likivimba lote, likawa la moto na kuuma hata ukiwa umekaa, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Visigino vyote viwili vikiuma pamoja na mgongo unaokakamaa asubuhi, nako ni kuonana na daktari, ingawa si kwa haraka ile.

Turudi kwenye kano. Hakimu wako kuanzia leo ni ile safari ya kutoka kitandani kwenda kutia udhu. Hesabu hatua 20 za mwanzo, zipe maumivu alama kati ya 0 na 10, andika. Kila siku, kabla hujapasha mguu moto. Ukiamini ile kilomita ya pili inapopoa utadanganyika, kwa sababu kano ikipata moto hunyamaza hata ikiwa inaumia. Wakati wa mazoezi au mbio, maumivu ya alama 3 ni sawa, na hadi 5 yanavumilika kwa sharti moja: asubuhi inayofuata alama isizidi ya jana. Ikizidi, hukukosea kufanya, ulifanya kingi. Punguza theluthi moja kikao kinachofuata. Ikizidi asubuhi mbili mfululizo, ruka mbio moja, mazoezi ya nguvu endelea nayo kwa mzigo mdogo.

Siku zako ziwe Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Asubuhi mbio, baada ya alasiri mizigo, siku hiyo hiyo. Wengi hugawa, leo mbio kesho mizigo, na wanaharibu. Baada ya mzigo mzito, kano kwa saa 24 hadi 36 inabomoka kuliko inavyojengeka, kisha mizani inageuka. Ukiipiga kila siku huifikishi kwenye kule kujengeka.

Wiki 2 za mwanzo, kwa sababu ya ile dawa, nenda taratibu. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, miguu yote miwili, panda kwa hesabu ya sekunde 3, shuka kwa sekunde 3, mara 15, seti 3, na pumziko la dakika 2 kati ya seti. Siku za katikati fanya kusimama tu: panda nusu, baki hapo sekunde 45, mara 5. Zoezi hili la pili kwa baadhi ya watu linapunguza maumivu kwa saa kadhaa. Likikupunguzia, lifanye hata mapumzikoni skuli.

Wiki ya 3 na ya 4, mguu mmoja mmoja, mara 12, seti 3, bila mzigo. Wiki ya 5 na ya 6, mara 10, seti 4, na begi la mgongoni lenye kilo 5 hadi 10. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, huna haja ya kununua kitu. Wiki ya 7 na ya 8, mara 8, seti 4, na kilo 10 hadi 15. Mzigo ni sahihi ikiwa mbili za mwisho kwenye kila seti zinakutetemesha. Ukimaliza unacheka, ongeza.

Halafu liko zoezi ambalo watu huliruka, na kwa mkimbiaji nadhani ndilo lenye faida zaidi. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Ule wa nje unaouona umevuka goti, na mpana ulio chini yake haukuvuka. Ukikunja goti wa nje unalegea, na ule wa ndani, unaofanya sehemu kubwa ya kazi kwenye mbio, unabaki peke yake. Kaa kwenye kiti, sehemu ya mbele ya wayo juu ya kipande cha ubao, kunja khanga uiweke juu ya goti, na juu yake pakate ndoo yenye lita 10. Inua kisigino, shusha, kwa sekunde zile zile 3 na 3, mara 15, seti 3. Ongeza wiki hadi wiki mpaka ufike mfuko wa mchele wa kilo 25.

Makosa ninayoyajua katika mazoezi haya ni manne. Kuharakisha, ambako mwili unaruka kama mpira na kano haifanyi kazi. Kukunja goti wakati wa kupanda kwenye lile la kusimama. Kuegemea kidole kidogo badala ya kupanda juu ya kidole gumba. Na kufanya mguu mbovu peke yake, kumbe wa kushoto nao umebeba ziada miezi mitatu. Fanya yote miwili.

Mbio zenyewe, wiki 2 za mwanzo ni dakika 30 kila moja, kimbia dakika 4 tembea 1, kwenye udongo mgumu wa sawasawa. Vilima tembea. Ukipanda, wayo unakunjika juu na kano inavutika, na Pemba ukiacha pwani hukosi kilima. Wiki ya 3 mbio ya Jumamosi iwe kilomita 8, ya 4 kilomita 10, ya 5 kilomita 12, ya 6 kilomita 14, ya 7 kilomita 16. Wiki ya 8 rudi kilomita 10. Za Jumatatu na Jumatano zisizidi dakika 45. Kuanzia wiki ya 6, ikiwa kupanda kwa mguu mmoja hakukuumi, ruka kamba mara 20, seti 3, kabla ya mbio ya Jumatano, kwa sababu mizizi ya Ngezi itautaka mguu urudi haraka na kano iwe imeshaonja kazi hiyo.

Mchanga rudi nao wiki ya 5 tu, ukiwa na raba: dakika 10, wiki ya 6 dakika 20, wiki ya 7 dakika 30 ndani ya ile mbio ndefu. Na chagua mchanga. Kisigino kikizama zaidi ya upana wa kidole kimoja, huo si wako, sogea karibu na maji.

Hapa ndipo mwezi unapokusaidia. Mwezi 15 ni bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, na kwenye bamvua visiwani kwetu maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi, yakichelewa karibu dakika 50 kila siku inayofuata. Muulize mama yeyote wa mwani, atakwambia bila kutazama saa. Mkianza Konde saa 12:30 maji yatakuwa bado juu. Ukienda dakika 8 kwa kilomita, kutembea humo humo, utafika Vumawimbi karibu na saa 2, na bahari itakuwa imeshuka zaidi ya nusu na inaendelea kushuka. Mchanga uliolowa, mgumu, utakuwa umefunguka na utazidi kufunguka. Kwa hiyo kukimbiza kilomita za msituni kutakuadhibu mara mbili: kano itachoka, na utafika kabla mchanga mzuri haujatoka. Mazoezi yako ya pwani pia yapange kwa kalenda hiyo. Wiki za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, saa zinageuka, utakuta pwani saa 4 imefunikwa.

Vumawimbi inatazama mashariki, nanyi mtakuwa mnakwenda kaskazini, basi bahari itakuwa mkono wa kulia na mguu wako mbovu utakuwa upande wa bondeni. Ukikimbia kwenye mteremko wa juu wa pwani kwa kilomita 5, kila hatua wayo unapinda upande mmoja. Maji yakishatoka, chini kuna uwanda ulio sawa zaidi. Shuka huko hata kama wengine wanakata juu.

Viatu. Usikimbie peku tena mpaka mwaka huu uishe. Tafuta raba ambazo kisigino kimeinuka kuliko mbele, tofauti ya milimita 8 hadi 12. Za mitumba zinafaa, ila zipinde: zikikunjika katikati ya wayo badala ya penye vidole, ziache. Ndani yake weka kipande cha kuinua kisigino. Ndara ya zamani ya sponji inatosha: kata umbo la kisigino, unene wa sentimita 1, chonga upande wa mbele uwe mwembamba ili kusiwe na ngazi chini ya wayo. Weka kwenye viatu vyote viwili, la sivyo nyonga zitakwenda pogo. Baada ya mbio utavipunguza taratibu, nusu kwanza. Na skuli, unaposimama saa nzima darasani, ndara bapa zinaivuta kano siku nzima. Vaa kiatu chenye kisigino kidogo. Kwa kuzuia mchanga, kata soksi kuukuu sehemu ya juu, ivae ifunike mdomo wa raba.

Ngezi mwezi wa saba bado ina sehemu za tope na mizizi yenye utelezi. Kinachoikata kano pale ni kuteleza: wayo unarudi nyuma, kisigino kinadondoka ghafla. Fupisha hatua, shusha wayo wote kwa pamoja, na gogo lipande kisha shuka, usiliruke.

Mwisho wa wiki ya 7 kaa na daftari lako. Nataka mambo matatu. Kwanza, asubuhi 5 kati ya 7 za wiki hiyo alama isizidi 2. Pili, kupanda kwa mguu mmoja bila mzigo mpaka uchoke: wa kulia ufike angalau 9 pale wa kushoto unapofika 10, na usipungue 20. Tatu, asubuhi ya baada ya kilomita 16 isiwe mbaya kuliko ya kabla yake. Yote matatu yakitimia, nenda. Likikosekana moja, waombe waandaaji wakuhamishie masafa mafupi kama yapo, au itembee njia yote kwa miguu siku hiyo bila saa. Yakikosekana mawili, jitolee kwenye meza ya maji pale Vumawimbi, na mpango uendelee mpaka wiki ya 12, maana huo ndio muda ambao kano nyingi zinahitaji. Najua itauma, njia hiyo ni ya kwenu. Lakini kano iliyokatika ni miezi mingi bila hata kutembea vizuri darasani.

Wiki ya 9, mzigo mzito wa mwisho uwe siku 5 kabla. Mbio mbili za dakika 20 tu.

Siku yenyewe, tembea dakika 10, panda kwa vidole vya miguu yote miwili mara 15, seti 2, kisha ungana na wenzako nyuma, si mbele. Kimbia dakika 9, tembea 1, tangu mwanzo, wakati bado unajisikia mzima. Kunywa kwa kiu, kiasi cha nusu lita kwa saa, na katika chupa moja weka chumvi ya kurudisha maji, pakiti moja kwa lita kama ilivyoandikwa. Tende 6 hadi 8 kwa saa zinatosha kwa nguvu, kula moja moja usizirundike.

Mahali pa kuamua ni pale mnapotoka msituni, kabla hujakanyaga mchanga. Simama. Panda kwa mguu wa kulia mara 5. Maumivu yakizidi 5, au umeshaanza kuchechemea, au ulisikia mvuto mkali hata mara moja, toka hapo hapo. Ukishaingia pwani kilomita 5 hakuna gari litakalokufuata, na kuchechemea kwenye mchanga ni kuubebesha mguu mwengine maradhi mapya. Mwambie mtu wa nyumbani akusubiri hapo na usafiri, hata kama una hakika hutamhitaji.

Ukimaliza, ingia baharini mpaka magotini dakika 10, kisha tembea, usikae kwenye gari mara moja. Alfajiri yake hesabu hatua 20 kama kawaida, na usishtuke zikipanda alama moja au mbili. Zikirudi zilipokuwa ndani ya siku 3, siku ya 4 anza tena ngazini bila mzigo, wiki inayofuata rudisha dumu moja. Mbio ngoja siku 10. Mazoezi ya mizigo yapunguze yawe mara mbili kwa wiki, na uyaendeleze hivyo mpaka vuli iishe.